Ufito Chini ya Mzinga wa Mama

Koti la mvua la Baba linaning'inia nyuma ya mlango wangu hapa Homa Bay, na sijalifua. Msiniulize mbona. Binti yangu husema linanuka, na kweli linanuka: nta, moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, na mtu mzima aliyekaa peke yake muda mrefu. Siku za jua koti hunyamaza. Lakini hewa ikianza kuwa nzito na ziwa likigeuka kijivu, harufu ile hutoka mlangoni ikanifuata mpaka jikoni, nami naacha kukata sukuma wiki, nasimama tu na kisu mkononi. Na siku hizi mvua haina tena ratiba, kwa hiyo nasimama sana.

Kwetu kulikuwa juu ya kilima, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka soko la Kegonga. Baba alikuwa Mkuria wa pale pale. Mama alikuwa Mjaluo wa ufuoni, mtu aliyezoea kuamka na kuona maji. Kikuria cha Mama kilikuwa cha kununulia mboga, na Kijaluo cha Baba kiliishia kwenye salamu. Basi wakaoana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakanilea mimi, mtoto wao wa pekee, kwa Kiswahili. Shuleni walidhani tunaringa. Jameni, turinge na nini? Ilikuwa lugha ya watu watatu tu kwenye kilima kizima, na mmoja wao, Baba, hakuwa msemaji.

Baba alifuga nyuki. Mizinga yake ilikuwa magogo aliyoyachonga na kuyatoboa mwenyewe, na aliiweka juu kabisa mitini, mahali ambapo hata wavulana watundu hawakufika. Mzinga mmoja tu ulikuwa chini. Huo aliutundika kwenye mkuyu ulio nyuma ya jikoni, mwaka aliomleta Mama, kwa sababu Mama alisema hawezi kuitwa mwenye kitu asichokiona. Ukaitwa mzinga wa Mama, na asali yake ilikuwa ya Mama, agawe au anyime apendavyo. Ulining'inia kwa waya mbili, na waya hizo Baba alizipaka oili chafu aliyoiomba kwa mafundi wa bodaboda, ili siafu wakishuka kutoka matawini wakwame. Kisha alikata kila jani na kila nyasi iliyotaka kuusogelea.

"Kitu chochote kikigusa mzinga ni daraja," aliniambia. "Siafu hawahitaji zaidi ya hapo."

Alikuwa na namna yake ya kuwajulia hali. Hakufungua mzinga ovyo, hasa msimu wa mvua. Alibisha. Aligonga gogo mara mbili kwa kifundo cha kidole, kama mtu aliyefika kwa wakwe, kisha akaweka sikio. Nyuki walioshiba hujibu mara moja, mvumo mfupi, halafu kimya: wako na kazi zao. Nyuki wenye njaa hujibu polepole, sauti kama ya majani makavu yakisukumwa na upepo, na hawanyamazi upesi. Alinifundisha nikajua. Mpaka leo nikigonga mlango wa mtu huwa nasikiliza kwanza watu walio ndani wana hali gani, na mara nyingi sikosei.

Siku moja ya mavuno walikuwa wamekaa nyuma ya jikoni, Mama akitafuna masega na kutema nta kwenye kiganja. Baba, ambaye utani wake ulikuja labda mara mbili kwa mwaka, alimwambia hataki kumwona siku moja amefunga virago kurudi kwa samaki wake. Mama alicheka mpaka asali ikamtoka mdomoni.

"Wee! Siku utakayoona nyuki wangu wamehama, ujue na mimi nimehama."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa, na nyinyi wa rika langu mnajua tulivyokuwa: mtu mzima akisema jambo, ni jambo. Niliugeukia mzinga, nikatazama nyuki wakiingia na kutoka, na tangu siku hiyo sikupita pale bila kuhakikisha wapo.

Nyanya aliugua mwanzoni mwa mvua za masika, kule ufuoni, na Mama akaenda kumuuguza. Alifunga nguo zake ndani ya leso mbili, akapasua upande mmoja wa leso ya tatu na kunifunga nywele kwa kile kipande.

"Nyathina," aliniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita, mtoto wangu, kwa lugha yake. "Mvua ikikatika nitakuwa nimerudi. Mwangalie babako asisahau kula."

Mvua ya mwaka huo, wacha tu. Baba aliiita mvua isiyo na adabu. Ilinyesha wiki mbili bila kupumua, ikakatika siku tatu, jua likawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, maua ya mikunde yakafunguka na nyuki wakatoka kwa fujo. Mchana wa siku ya nne ikaja mvua ya mawe na kuwakuta huko huko mashambani. Niliwaokota kwenye matope ya njia, mmoja mmoja, nikawaweka kwenye jani la mgomba karibu na meko nikidhani wakipata joto wataamka. Wawili watatu waliamka kweli. Waliobaki niliwafagia nje jioni.

Kila ilipokatika nilivaa nguo yangu ya Jumapili, nikaketi kwenye kizingiti kumngoja Mama. Mvua imekatika, si alisema? Kisha ilirudi, nikaivua nguo na kuikunja. Nilifanya hivyo mara nne. Baba aliona na hakusema kitu, na nilimchukia kidogo kwa kule kutosema kwake.

Kijito cha chini kilijaa, shule ikawa ng'ambo nisikoweza kufika. Simu ya Baba ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya jiwe kubwa nyuma ya zizi, na chaji ilipatikana sokoni, kwa hiyo simu nayo ilikaa imekufa wiki nzima. Siku tulizofanikiwa kumpata Mama, Baba alisimama juu ya jiwe lile akiwa na koti lake na kuzungumza akiwa ameipa nyumba mgongo, kisha akanipa dakika ya mwisho. Mama aliniuliza nimekula nini. Nilimwambia nyuki wake wapo. Alisema, "Eh, vizuri," na laini ikakatika.

Hapo ndipo nilipojua upweke ni kitu gani. Si kukosa watu, kwa sababu Baba alikuwepo. Ni kuwa na neno mdomoni asubuhi na kulala nalo. Baba alirudi amelowa, akala ugali, akasema kama kesho itanyesha au haitanyesha, akalala. Nilianza kuzungumza na mzinga wa Mama. Nilibisha mara mbili, nikaweka sikio, nikawaeleza habari za nyumbani, nao wakanijibu.

Kisha siku moja walinijibu kwa ile sauti ya majani makavu.

Baba pia alikuwa ameisikia. Mizinga yote ilikuwa na njaa. Nyuki walikuwa wamekula akiba yao na nje hakukuwa na ua lisilooza. Alikuwa anawalisha kwa zamu. Alichemsha maji na sukari, akayaacha yapoe, akapanda mtini jioni nyuki wakiwa wameshaingia, akafungua kifuniko cha nyuma na kusukuma ndani sahani yenye vijiti vya kusimamia ili wasizame. Kisha alifuta kila tone lililomwagika na kufunga. Mimi niliyaona hayo yote kutoka chini. Maana yake niliona sukari, niliona mti, na sikuona kitu kingine.

"Wa Mama je?" nilimuuliza.

"Kesho. Ule bado unaweza kungoja siku moja."

Asubuhi yake alienda kwa Baba Mdogo, ndugu yake, ambako mti ulikuwa umeanguka na mizinga yake. Aliniambia atarudi kabla ya jioni. Nilibisha mzinga wa Mama saa tatu, nikabisha saa tano. Sauti ilikuwa imefifia. Waliposema majani makavu nilisikia nguo za Mama zikikunjwa. Kama nyuki wale wangeondoka, Mama hangerudi, na mimi ndiye ningekuwa nimekaa pale nikitazama.

Nilichukua sukari yote iliyobaki kwenye mkebe, nikaikoroga na maji ya moto. Kufungua mzinga sikuthubutu. Nikatafuta ufito mrefu kwenye rundo la fito za kujengea, nikafunga kikopo kwenye ncha yake kwa kile kipande cha leso nilichokuwa nimefungiwa nywele, nikajaza uji wangu wa sukari. Niliuinua ufito kwa mikono miwili hadi kikopo kikagusa mlango wa mzinga, na upande wa chini nikaushindilia kwenye matope ili usimame wenyewe. Nusu ya sukari ilinimwagikia kichwani na kushuka na ufito hadi chini. Lakini nyuki walitoka! Walikusanyika ukingoni mwa kikopo, kwanza watano, kisha hawahesabiki, na mvumo wao ukabadilika. Nilikaa chini ya mkuyu nikilamba mikono na kucheka peke yangu. Sidhani nimewahi kujiona mtu wa maana kama siku ile.

Halafu mvua ikashuka, nikakimbia ndani, na ufito nikauacha umeegemea.

Baba alirudi jioni akiwa hoi. Alitaka chai.

"Sukari iko wapi?"

"Nimekunywa uji," nilidanganya.

Alinitazama nywele, ambazo zilikuwa zimegandana kama kamba. Akanywa chai yake bila sukari na kulala.

Asubuhi nilitoka mbio kwenda kuwaona. Mvua ilikuwa imekatika. Baba alikuwa amesimama chini ya mkuyu, ndani ya koti lake, mikono imelegea. Mzinga wa Mama ulikuwa mweusi kwa siafu, umefunikwa gogo zima, wakiingia na kutoka kwenye ule mlango mdogo wamebeba watoto weupe wa nyuki. Na juu ya shamba la tumbaku la jirani niliwaona nyuki wetu, kundi zima, wakienda. Walikuwa kama moshi unaojua unakokwenda. Niliwatazama mpaka wakaisha.

Nilitafuta ufito kwa macho. Haukuwepo. Pale nilipoushindilia palikuwa na kishimo tu, na maji ya usiku yalikuwa yamepita hapo yakibeba kila kitu kuelekea kijitoni. Nilifikiri, umebebwa na maji, Mungu amenificha. Hata furaha ya kufichwa niliisikia, nusu dakika, kabla ya kukumbuka Mama alisema nini.

"Wamehama," Baba alisema. "Ni mvua tu." Akanishika bega na kunirudisha ndani.

Sikumwambia. Siku ile sikumwambia, wiki ile sikumwambia, na baadaye neno lilikuwa limeshakuwa kubwa kuliko mdomo. Tulipoenda sokoni Kegonga nilimwona akizungukwa na wafuga nyuki wenzake, wanaume wazima, wanamcheka kwa Kikuria cha harakaharaka, mmoja akimpiga piga mgongoni huku anafuta machozi. Baba naye alicheka, macho yakiwa chini. Sikuelewa maneno yote. Nilielewa nilichotaka kuelewa: wanamcheka kwa kuachwa na mke, na aliyemfukuza mke huyo ni mimi. Nilivuta mkono wake twende nyumbani.

Mama alikuja jua lilipotulia kabisa. Alikuwa amenenepa kidogo na alinukia samaki na sabuni. Alinikumbatia, kisha akaenda moja kwa moja nyuma ya jikoni, nami nikamfuata. Alisimama chini ya mkuyu. Mzinga ulikuwa kimya.

"Nyuki wangu wamekwenda wapi?"

"Ni mvua tu," Baba alisema.

"Pole," Mama alimwambia, kama mgeni anavyompa pole mwenye mali. Niliisikia tofauti hiyo hata kwa utoto wangu.

Walikaa ndani kwa muda mrefu wakizungumza kwa sauti ya chini. Walipotoka, nguo zangu zilikuwa zimefungwa. Ningesomea ufuoni, kwa Nyanya, shule ilikuwa karibu na hakukuwa na kijito cha kuvuka. Baba alitusindikiza hadi barabara ya Kehancha akibeba mzigo wangu kichwani. Alinipa kijagi cha asali, akaniambia nisifungue njiani. Nilipogeuka, alikuwa bado amesimama, hana mzigo tena na hajui mikono aiweke wapi. Ni leo tu, na umri huu, ninapoweza kumtazama vizuri pale barabarani. Wakati ule nilifikiri anayeachwa ni mimi.

Niliendelea kwenda kwake kila likizo ndefu. Alizeeka vizuri, kimyakimya. Mizinga mingine ilipata nyuki, ikapoteza, ikapata tena kadiri mvua ilivyopenda. Ule wa Mama aliupaka nta mpya kila mwaka, na nyuki hawakuingia kamwe.

Mama nilimuuliza nikiwa tayari na watoto wangu mwenyewe. Tulikuwa ufuoni tunaanika omena. Nilimwuliza kama anakumbuka alichosema siku ile ya masega, kwamba nyuki wake wakihama naye amehama.

"Mimi? Nilisema hivyo?" Alitingisha kichwa. "Sikumbuki kabisa, nyathina. Mimi kile kilima kilinishinda tu. Kabla hata mvua hazijaanza nilikuwa nimeshaamua, nikakosa pa kuanzia."

Akaendelea kugeuza omena. Niliona hasira, naona nikiri, hasira ya kubeba gunia miaka yote hiyo na kuambiwa ndani hamkuwa na kitu. Na bado, ujinga gani huu, halikuwa jepesi zaidi kwa kuambiwa hivyo.

Baba amefariki majuzi, mvua ikinyesha nje ya msimu. Baada ya maziko tulibaki mimi na Baba Mdogo kusafisha nyumba. Ndipo alipotoa lile koti msumarini akanipa, kisha akapanda kwenye kiti na kuanza kuvuta kitu kirefu kilichokuwa kimelala juu ya boriti, chini ya mabati.

"Na hii takataka," alisema. "Tulipobadilisha mabati alikataa katakata isitupwe."

Ulikuwa ufito. Ulikuwa umekauka na kuwa mweusi kwa moshi, na kwenye ncha yake kulikuwa na kikopo cha kutu, kimefungwa kwa kipande cha leso. Fundo lilikuwa la mtoto, limezungushwa mara nyingi mno.

"Unajua habari yake?" Baba Mdogo aliketi, akaanza kucheka kwa huzuni. "Mwaka ule wa mvua mbaya babako aliuacha ufito umeegemea mzinga wa mamako. Yeye! Mtu aliyetufundisha sisi wote! Alikuja mwenyewe sokoni kutuambia, nimesahau ufito, siafu wamenilia mzinga. Tulimcheka, mwanangu. Tulimcheka miaka. Hata watoto wadogo wakitundika mzinga tuliwaambia, angalieni msiwe kama yule mzee."

Nilimwona Baba asubuhi ile akiamka kabla yangu, akikuta ufito, akiona kikopo na leso ya mkewe na fundo langu, na nywele zangu alikuwa ameshaziona jana yake. Aliung'oa, akauficha, kisha akasimama pale na mikono mitupu kuningoja niamke.

"Si yeye," nilisema. "Ni mimi."

Baba Mdogo alinitazama. Alitazama lile fundo.

"Basi tulimcheka bure," alisema.

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Nilivaa koti, nikazunguka nyuma ya jikoni. Mzinga wa Mama bado unaning'inia, waya zake zina oili, na hakuna jani linaloufikia. Niligonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, nikaweka sikio kwenye gogo. Hakuna aliyejibu. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa kile Kiswahili chetu ambacho sasa kimebaki cha watu wawili, mimi na Mama: "Baba, ni mimi niliyeuacha ufito."